Susu Asuke Soksi Sita

Vinyago wa Krismasi, yaani majirani waliojifunika sura, huku kwetu Bandari ya Kelby hawapigi hodi kama watu. Wanagonga ukuta kwa fimbo, halafu wanasema huku wakivuta pumzi ndani badala ya kuitoa: "Vinyago wanaruhusiwa?" Ukisema hivyo sauti yako inapotea, inabaki kama ya mtu anayezama. Mume anaweza kuingia jikoni kwake mwenyewe na mkewe asimtambue. Uso ameufunika kwa pazia la dirisha au foronya, amevaa gauni la mama yake juu ya suruali ya uvuvi, mto ameufunga mgongoni, na buti la kulia amelivaa kushoto.

Kazi ya mwenye nyumba ni kuwatambua. Ukimtaja mtu, anafunua uso, anakaa, anakula keki na kunywa. Ukishindwa unasema, "Simjui." Basi anapewa kipande chake cha keki mkononi, anatoka vilevile alivyoingia, amefunikwa. Hakuna kumfuata nje na hakuna kumuuliza siku ya pili. Mpaka Krismasi ya Kale, mwezi wa kwanza, ndipo atasema mwenyewe kama alikuwa yeye.

Jikoni kwangu, tangu nilipoolewa na Garfield nikaletwa nyumba hii, hakuna kinyago aliyewahi kutoka amefunikwa. Walijaribu. Mwaka mmoja Hezekia Buckland alikuja ndani ya pipa la unga, inaonekana miguu tu, na viatu vya mkewe miguuni. Nikamwambia, "Hezekia, mrudishie Blanche viatu vyake kabla hujavipanua." Jiko zima lilicheka, naye mle pipani akatukana kwa sauti yake ya kila siku, mchezo ukaishia hapo.

Wengine hutazama miguu na mikono. Mimi nilikuwa nasikiliza. Pumzi ikivutwa ndani inaua sauti, lakini haiui s, wala sh, wala f, wala t. Hizo hazitoki kooni. Zinatengenezwa na ulimi na meno, na meno ya mtu hayabadiliki kwa sababu amevaa foronya. Hezekia s yake ina maji. Blanche akisema sh ni kama anapoza chai. Mwanangu Leander ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote. Akiwa mdogo kasia lilimponyoka babu yake mashuani likamvunja jino la mbele, likabaki nusu, na tangu siku hiyo kila s yake inatoka na mbinja nyembamba kama birika linalokaribia kuchemka.

Watoto wenzake walimcheka. Akawa hasemi. Nikamtungia maneno ya kumzoeza: Susu asuke soksi sita. Soksi hufumwa, hazisukwi, na huyo Susu hakuna mtu wa jina hilo hapa. Nilikuwa natafuta s tu. Tukawa tunayasema wote wawili, mimi nikikanda unga, yeye juu ya sanduku la kuni, mpaka aibu ikamtoka. Baadaye alikuwa akipanda kutoka gatini jioni anayapayuka njia nzima, na mimi naisikia ile mbinja kabla sijamwona mwenyewe, naweka birika jikoni.

Serikali ilipofunga uvuvi wa chewa, mashua zikapandishwa nchi kavu zikakaa. Garfield alisema mwaka mmoja tu, chewa watarudi. Leander alisubiri na baba yake. Hawakurudi. Akaja mtu wa Alberta, mbali huko bara, kutafuta vijana wa kambi za mafuta, Leander akaandikisha jina. Siku aliyopanda feri Garfield alikuwa gatini anapaka lami mashua isiyokwenda popote, akampa mgongo mpaka feri ikapinda nyuma ya mwamba. Tangu hapo, watu wakimuuliza dukani, "Leander hajambo?" alikuwa akijibu, "Leander yupi? Simjui." Alilisema neno hilo mpaka anakufa. Watu wa hapa hawana siri, na neno lile lilifika Alberta kabla ya theluji ya mwaka ule.

Kwenye mazishi ya baba yake Leander hakuja. Sikumlaumu. Alikuwa anazungumza kwa simu na Odessa, binti yangu wa mwisho, ninayekaa naye. Kwangu alikuwa anatuma salamu, na mimi namrudishia. Nilitaka kitu kimoja tu, nacho sikukificha kwa mtu: mwanangu aingie tena kwa mlango ule, akae kwenye kiti cha baba yake, nimwone anakula, kabla sijalala pale juu kilimani karibu na Garfield.

Mwaka ule, majani yakianza kuanguka, Odessa alikuwa kwenye simu. Akanigeukia, akanisogezea uso, akasema polepole, "Mama, Leander anauliza, ukimwona leo utamjua?"

Nikapaza sauti ili simu yenyewe inisikie. "Mwambie nitamjua hata akija amevaa gunia!"

Odessa akasikiliza. "Amesema sawa."

"Sawa gani? Anakuja?"

"Amesema sawa tu, mama."

Kesho yake nilitoa blanketi zake nikazianika.

Sasa niseme habari ya masikio, maana bila hiyo mengine hayatafahamika. Watu hudhani mtu asiyesikia amekaa katika kimya. Mimi kimya sina. Kelele zote ninazo: injini ya mashua, mlango, mbwa wa Hezekia, upepo kwenye bomba la jiko. Hata sauti ya mtu ninayo. Nikiwa nimempa mgongo Odessa najua amesema, najua amekasirika au anacheka. Kisichofika ni neno. Linafika limenyonyolewa, zimebaki a na o na u zinaelea, na zile herufi za meno na ulimi hazipo. Sita, shika, pita, fika: kwangu yote ni neno moja. Natakiwa nichague mwenyewe mtu amesema lipi. Wakati naendelea kuchagua, yeye ameshasema mengine matatu.

Lilianza na birika. Odessa alikuwa akisema, "Mama, birika linalia mpaka linakauka, unalitazama tu." Nikadhani firimbi yake imekufa. Kisha wajukuu wa Blanche, wanaosoma shairi kanisani. Nikadhani watoto wa siku hizi hawafundishwi kufungua mdomo. Kisha wanawake. Wanaume ndio wa mwisho, na wale wenye ndevu nilikuwa nimeshawapoteza, kwa sababu bila kujua nilikuwa nimeanza kusoma midomo.

Odessa alinipeleka mjini kwa mtaalamu. Kijana mzuri, anavaa soksi za rangi mbalimbali. Akanifungia katika kichumba chenye kuta za godoro, akanivisha vitu masikioni, akawa anataja neno na mimi nalirudia. Alisema chupa, nikasema kuta. Alisema fagio, nikasema kadi, jambo ambalo hata mimi niliona halina maana. Akaongeza sauti mpaka ikauma, na bado ilikuwa kuta, ila kuta kubwa. Akatoka akapiga magoti mbele yangu ili nimwone mdomo. "Bibi, ni umri. Vinyweleo vya ndani ya sikio vimekufa, vile vya sauti nyembamba. Havioti tena. Nitakupa mashine itasaidia kidogo. Itapandisha sauti. Neno siwezi kukuahidi."

Mashine ilipandisha sauti kweli. Vijiko vilikuwa kama nyundo, gazeti likikunjwa ni kama ubao unapasuka. Neno lilibaki kuta. Nikaitia kwenye droo ya vitambaa vya kukaushia vyombo.

Nikajifunza kuitikia kwa kichwa. Mtu akisema, namtazama usoni. Akicheka, nacheka. Sauti yake ikipanda mwishoni, najua ni swali, nasema, "Ndiyo, ndiyo, mwanangu." Maswali mengi ya watu huku ni ya hali ya hewa na afya; ndiyo inatosha. Nilifanya vizuri mno. Odessa alijua, na mimi nilijua. Wengine wa bandari hawakujua, na sikutaka wajue, maana nimeona wanavyomfanyia mzee Clarence wa ng'ambo: wanampita kama kiti.

Jioni walipokuja vinyago ilikuwa siku ya pili baada ya Krismasi. Odessa alikuwa stoo anakata keki. Hezekia alikuja mapema na kodiani yake akakaa pembeni mwa jiko, kwa hiyo yeye siku ile hakuwa kinyago, alikuwa mpigaji. Ukuta ukagongwa. Sikusikia maneno ila niliona Hezekia anacheka, nikasema, "Ingieni, mradi mkung'ute theluji!"

Wakaingia wanne. Wawili walikuwa wembamba wamevaa mashati ya kulalia ya wanaume, nikawajua kwa kusukumana kwao, mabinti wa dukani. Wa tatu alikuwa Freeman Durnford, mwenye mashua ndogo ya kuvushia watu hadi pale barabara inapoishia. Alikuwa amejifunga shuka, lakini ndevu zilikuwa zinasukuma foronya kama paka ndani ya mfuko. Wa nne alikuwa mkubwa. Amevaa gunia.

Gunia la viazi, limetobolewa kwa kichwa na mikono, juu ya gauni la maua. Usoni pazia la wavu limekunjwa mara kadhaa. Glovu za sufi. Mgongoni nundu. Nililiona gunia na sikulifikiria, kwa sababu magunia kila mwaka yapo.

Wakacheza. Sakafu ikaruka, vikombe vikagongana kabatini, kodiani ikajaza jiko mpaka juu. Huo ndio wakati mbaya kwangu kuliko wote, kelele juu ya kelele, na sauti za watu zinazama chini yake. Nikanyoosha mkono, wakasimama, ila Hezekia hakuacha, alipunguza tu, anachezeachezea vidole.

"Nyinyi wawili wa mashati," nikasema, "mama yenu anajua mmevaa nguo za kulalia za baba yenu hadharani?"

Wakapiga kelele wakafunua.

"Na wewe Freeman, hiyo foronya ukiirudisha kwa mkeo aichemshe, imejaa nywele."

Hezekia akasema kitu, wote wakaangua kicheko. Freeman akafunua, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akanionyesha yule wa nne kwa kidole gumba na kusema kitu ndani ya ndevu zake. Nilikisia: "Na huyu je?"

"Huyu mlete karibu," nikasema.

Akasogea. Alisimama karibu na jiko, na mkono wenye glovu ukashika mgongo wa kiti cha Garfield. Niliuona ule mkono. Nikadhani amechoka kucheza.

"Haya, sema, mzigo wa viazi. Unatoka wapi?"

Akavuta pumzi, akasema. Pazia likaingia ndani ya mdomo wake likatoka. Kilichonifikia ni uu, a-u-e, o-i, i-a.

Nikachagua. "Kuku? Kuku amefanya nini?"

Wasichana wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema tena, polepole zaidi, kila neno peke yake, kainama mpaka lile pazia karibu liniguse. Uu. Auke. Oki. Ia.

"Kuku apate koti!" nikasema. "Kuku amevaa koti! Basi huyu ni wa kwa Hezekia, maana ndiko kuku wanakovalishwa kuliko watoto!"

Hezekia aliacha kodiani akajipiga paja. Jiko likajaa vicheko. Nami nilicheka nikiwatazama, lakini nilijua nimekosea. Niliona kwenye uso wa Freeman. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri nanga ishike.

Yule wa gunia akasema mara ya tatu. Sasa hakuvuta pumzi, naona, maana pazia lilitoka nje halikuingia. Alikuwa ameacha kucheza kinyago, anasema kama mtu. Lakini alisema kwa chini, ni kama kunong'ona, na Hezekia alikuwa ameshaanza tena. Nikapata i, i-i. Nikajaribu: siri? Kiti? Bibi?

"Anataka kiti?" nikauliza. "Mpeni kiti."

Nilikuwa nimechoka, wameniangalia wote, na keki inatoka stoo. Kwa miaka yote ile hakuna aliyetoka jikoni kwangu amefunikwa, na nikajisemea, mzee wewe, si vibaya, mmoja tu. Nikainua mikono juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki, ili iwe mzaha.

"Nimeshindwa. Huyu simjui. Mpeni keki apite."

Alisimama pale. Odessa akatokea mlangoni mwa stoo na sahani, akampa kipande, hata hakumtazama vizuri, akaenda kwa wengine. Yule akakishika kwenye glovu. Kisha akaondoa mkono kwenye kiti cha Garfield, akafungua mlango, akatoka. Baridi ikaingia. Freeman akachukua kofia yake akamfuata, na Hezekia akapiga kelele nadhani za kumkumbusha sheria, kwamba hakuna kumfuata asiyetambuliwa. Freeman hakurudi.

Asubuhi Odessa alikwenda kumsaidia Blanche na mashine ya kufulia iliyoganda. Nilikuwa naosha vyombo, maji yanatiririka, Freeman akaingia. Huku mlango haufungwi. Nikamkaribisha, nikamwekea chai, akakaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini. Akaanza kusema. Zile ndevu zilifunga mdomo mzima. Niliona zinapanda na kushuka.

Nilikamata "jana". Nilikamata "Shangazi", ndivyo wanavyoniita wote. Nikajua anazungumza habari ya vinyago. Akasema kirefu, kisha akasema kifupi, na sauti ikapanda mwishoni. Swali. Ndani ya lile swali nilikamata "ulijua".

Nikacheka. Kijana huyu anataka kujua kama nilimjua yeye na foronya yake! Kwa miaka yote anauliza swali hilohilo.

"Ulipoingia tu mlangoni nilijua!" nikamwambia. "Utanidanganya mimi, Freeman? Mimi?"

Akanitazama. Akauliza kingine, sauti imeshuka, ila mwishoni ikapanda kidogo.

"Ndiyo, ndiyo, mwanangu," nikasema, nikamsogezea sukari.

Chai hakuinywa. Alisimama akavaa kofia, akasema neno moja fupi, nami nikamwambia, "Msalimie mkeo." Nikamwona dirishani anateremka gatini hageuki, akaingia mashuani, na ndani ya kibanda cha mashua alikuwapo mtu mwingine, kichwa tu. Nikafikiri anampeleka mtu kwenye barabara. Nikarudi kwenye vyombo vyangu.

Freeman hakumwambia Odessa mpaka siku tatu zilipopita, mkewe alipomsukuma. Alikuja akasimama mlangoni, hakutaka kuingia, na Odessa akatoka nje kuzungumza naye. Niliwaona kupitia kioo. Odessa alikuwa amejikunyata kwa baridi, halafu nikaona mikono yake imefunguka. Akaingia ndani. Alinishika mashavu yote mawili, akauweka uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akasema taratibu, na bado ilibidi arudie.

"Mama. Yule wa gunia. Alikuwa Leander."

Nikasema, "Leander yupo Alberta."

"Alikuja, mama. Freeman alimleta kwa siri, alitaka kukushangaza. Wewe ulisema utamjua hata kwenye gunia."

Yote nililetewa hivyo, kipande kwa kipande, Odessa akiniambia na mimi nikimwambia arudie. Alichokisema Leander jikoni, Freeman alikumbuka vizuri, kwa sababu kilikuwa cha kitoto na hakukielewa: Susu asuke soksi sita. Mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Mama, ni mimi." Mabinti wa dukani wanasema ile mbinja ilikuwa kali mpaka wakashika masikio, walidhani ana firimbi mdomoni. Hawakuwahi kumwona, alihama kabla hawajazaliwa. Hezekia alikuwa na kodiani yake. Odessa alikuwa na kisu na keki.

Na asubuhi, Freeman alikuja kunitetea. Leander alikuwa amelala kwake, asubuhi anafunga begi lake, na Freeman akamwambia, ngoja, huenda mama hakukutambua, mimi nitakwenda kumuuliza. Akaniuliza: "Shangazi, ulijua ni yeye?" Nami nikasema nilijua alipoingia tu mlangoni. Akaniuliza tena: "Na bado ukasema humjui, kama baba yake?" Nami nikasema ndiyo, ndiyo, mwanangu, nikamsogezea sukari.

Freeman ni mtu mkweli. Alirudi akasema alichosikia.

"Kwa nini hukumwambia Freeman husikii?" Odessa alikuwa analia. "Kwa nini hukumwambia mtu yeyote?"

Hili nililisikia lote. Anapolia sauti yake inashuka.

Leander hakushika simu kwa wiki nyingi. Odessa aliacha ujumbe juu ya ujumbe: mama hasikii maneno, masikio yake yameharibika, muulize mtaalamu, muulize yeyote. Na "yeyote" ndiyo iliyokuwa shida, kwa sababu yeyote angesema Shangazi Triphena yuko sawa, juzi tu tumezungumza, anaitikia kila kitu. Siku aliposhika, nilikaa mbele ya Odessa nikimtazama anavyosikiliza. Alisema mengi upande wake. Kisha akaziba simu kwa kiganja.

"Anasema uliwajua wote watatu. Uliwataja na mizaha juu. Anasema, mtu kiziwi angewajuaje?"

"Kwa macho! Mwambie kwa macho!"

"Nimemwambia."

"Amesema nini?"

Odessa akatazama sakafu. "Anasema Susu ilikuwa yenu wawili tu. Alikusemea mdomo karibu na sikio, na ukaigeuza kuku ili watu wamcheke."

"Nipe mimi hiyo simu."

"Mama, hutasikia."

"Nipe. Yeye atasikia."

Akanipa. Akanisaidia kuishika. Nilikuwa nimetoa ile mashine kwenye droo nimeivaa, na ilikuwa inavuma kama upepo juu ya kilima. Chini ya ule upepo palikuwa na kitu. Kilipanda kikashuka. Sauti ya mwanamume, nzito, yenye umri. Ningekutana nayo njiani nisingeijua. Nilitafuta ile mbinja, nikabana macho nikaitafuta kama mtu anayetafuta sindano chini ya jiko, na haikuwepo, ilikuwa o na a tu zinaelea.

Kisha ile sauti ikatulia, nikajua sasa ni zamu yangu.

Nikamwambia yote. Nikamwambia habari ya birika, na kichumba cha godoro, na chupa na kuta. Nikamwambia blanketi zake nilizianika. Nikamwambia niliuona mkono wake kwenye kiti, na kwamba kiti hakijakaliwa. Nikanyamaza kumpa nafasi. Upepo ulivuma. Nikadhani anapumua. Nikaendelea. Nikamwambia baba yake alikuwa akikaa dirishani kila feri ikija, na akisema simjui kwa sababu hakuwa na neno jingine. Nikanyamaza. Upepo. Mwisho nikamwambia, "Sikiliza, mwanangu, nakusemea sasa, ujue ninaijua," nikaisema yote, vizuri, kama pale kwenye sanduku la kuni: Susu asuke soksi sita. Hata masikioni mwangu mwenyewe haikurudi na s hata moja. Nikairudia kwa nguvu.

Nilipofungua macho Odessa alikuwa ameshika mkono wangu. Akaitoa simu kidole kwa kidole, akaitazama, akaiweka mezani kifudifudi.

"Amekata?" nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Amekata kabla ya Susu, au baada?"

Odessa alikuwa ameinama anafuta pua, nywele zimemwangukia mdomoni. Akanijibu. Lilikuwa neno moja, na lilikuwa na a tu ndani yake. Nikasubiri aseme tena. Hakusema, na mimi sikuwa na moyo wa kumrudisha.

"Ndiyo," nikamwambia, nikiitikia kwa kichwa. "Ndiyo, ndiyo, mwanangu."